Gari la kwanza la mbio: turbo ingoje

Wasee, kila Safari Rally ikiisha Naivasha, nusu ya mtaa hurudi ikitaka Subaru ya turbo. Naelewa, ule mlio huingia kwa damu. Lakini kama ni gari lako la kwanza la mbio, mimi nasema zii.

Beshte yangu alimaliza akiba ya miaka mitatu kwa gari la turbo. Injini ikafa kabla hajakimbia hata mbio moja. Leo gari liko gereji juu ya mawe, na yeye bado anatazama mbio akiwa nje ya kamba.

Nunua Starlet ama Vitz ya zamani, isiyo na turbo. Spea zimejaa Kirinyaga Road na fundi wa mtaa anaijua. Pesa inayobaki weka kwa keji ya chuma, helmeti, mikanda ya mbio na tairi. Hizo ndizo zitakurudisha nyumbani.

Kisha anza na otokrosi, unashindana na saa. Gari la nguvu huficha makosa yako ya kona. Dogo hukuumbua, na hapo ndipo unajifunza.

Turbo itakungoja. Kwanza jua kumaliza mbio. Ama nadanganya?