Kiti cha Mwenyekiti si Kigoda cha Kupumzikia

Mara nyingi chama kinapochagua viongozi wapya twasikia maneno haya: "Zamani tulikuwa wengi, leo tumebaki wachache." Kisha viongozi huanza kuwalaumu wasiohudhuria. Leo tutazame vyama vya elimu, yaani vya watu wanaochunguza mawe, mimea, maradhi na historia ya nchi. Navyo hupungukiwa na watu. Basi yafaa tujue jinsi vinavyoponywa.

Mwaka 1660 wataalamu wa London walianzisha chama kinachoitwa Royal Society. Baada ya miaka arobaini kilikuwa kimelegea: wanachama walipungua, na hazina ilikuwa haba. Marais walikuwa watu wakubwa wa serikali, nao walionekana mikutanoni kwa nadra. Mwaka 1703 alichaguliwa Isaac Newton. Yeye alihudhuria mwenyewe, akataka majaribio yafanywe mbele ya macho ya wanachama, na mwaka 1710 chama kikapata nyumba yake. Aliongoza hivyo mpaka kufa kwake mwaka 1727, na watu walirudi. Hakuwabembeleza kwa hotuba. Aliwapa kitu cha kuja kutazama.

Karibu nasi zaidi kuna mfano wa Uganda. Mwaka 1923 chama cha fasihi na sayansi kilianzishwa Entebbe. Baadaye kikaitwa Uganda Society, na tangu mwaka 1934 kikatoa jarida lake, Uganda Journal. Wengi wa wanachama wake wa kwanza walikuwa wageni. Idi Amin alipotwaa serikali mwaka 1971, wataalamu wengi waliikimbia nchi, na jarida likanyamaza. Hata hivyo wenyeji waliobaki hawakukubali liwe kaburi. Katika miaka ya 1990 likachapishwa tena.

Hapa Kolwezi twaijua hali hiyo. Vita vya Mei 1978 vilipoupiga mji, mafundi wa kigeni wa migodi walikimbia pamoja na jamaa zao. Elimu iliyo mikononi mwa wageni peke yao hupanda ndege pamoja nao. Lakini udongo hubaki, na maswali yake hubaki.

Maswali hayo si ya wazee wa vitabu tu. Katika mtaa wetu wa Kasulo kobalti ilionekana chini ya nyumba za watu mwaka 2014, na wengi wakachimba uani mwao. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, walipima vumbi, damu na mkojo wa wakazi. Mwaka 2018 walitangaza kwamba miili ya watu wa Kasulo ilikuwa na kobalti nyingi kuliko ya watu wa mtaa jirani usio na machimbo, na watoto ndio waliozidi. Mama aliyefagia vumbi hilo kila asubuhi asingeweza kulijua jambo hili kwa macho. Ilibidi wapatikane watu wa kupima, kuandika na kulinganisha. Basi chama cha elimu kikifa, ni nani atakayeendelea kupima?

Enyi mliochaguliwa kuongoza vyama vya namna hii, wekeni siku moja ya mkutano, wala msiibadilibadili. Kila mkutano uwe na jambo la kuonyesha: jiwe, jani, ramani, au chupa ya maji ya kisima. Andikeni yaliyosemwa, nanyi toeni hesabu ya ada mbele ya wote. Wataalamu wakisema Kifaransa, yaelezwe tena kwa Kiswahili, ili mwalimu wa shule, muuguzi na mchimbaji wapate kuuliza. Mchimbaji ajua mambo mengi ya ardhi ambayo hayajaandikwa popote.

Nanyi akina baba na akina mama, mwana wenu akirudi na mawe mfukoni, msimkaripie upesi. Mwulizeni kayaokota wapi, naye aandike mahali hapo katika daftari lake. Huenda huyo ndiye mwanachama ambaye chama kinamngoja.