Kijana na Kitabu: Hesabu ya Mchangani



Mwezi huu tuongee juu ya vitabu ambavyo vijana wetu wanaviogopa bure: vitabu vya sayansi na hesabu vilivyoandikwa kwa mtu yeyote, si kwa mtu wa iniversite peke yake. Havina mtihani mwishoni. Ukishindwa na ukurasa unauruka, hakuna atakayekuuliza.

Kijana mmoja wa kanisa letu aliacha masomo katika mwaka wa pili wa sekondari, na sasa anachimba shaba pamoja na wenzake. Nilimpa kitabu kimoja cha namna hii, akanirudishia mbele ya kukifungua. “Pasta, hesabu njo ya bazungu. Miye shikumalizaka masomo.” Sikumkasirikia. Mimi mwenyewe, kwenye chuo cha Biblia, nilikuwa nasema vilevile, nami nilikuwa na diploma!

Kitabu chenyewe kinaitwa Une tradition géométrique en Afrique. Kilitoka Paris mwaka 1995. Mwandishi wake, Paulus Gerdes, alizaliwa Uholanzi, akaenda kuishi Msumbiji mwaka 1976, akafundisha hesabu huko hata kufa kwake mwaka 2014. Yangu ni fotokopi, na kurasa zingine zimekuwa nyeusi kama makala. Lakini sasa sikia kinaongea juu ya nani: kinaongea juu ya Watshokwe. Ndiyo, Watshokwe wale wale wa Angola, wa Zambia na wa kwetu, jirani zako wa hapa Kolwezi, watu wa Dilolo na Sandoa.

Wazee wao walikuwa na desturi ya kuchora mchangani. Mchoro mmoja unaitwa lusona, mingi inaitwa sona. Mzee anasawazisha mchanga, anatia nukta kwa ncha za vidole, zote kwa nafasi sawasawa, halafu anazungusha mstari kati ya nukta hizo bila kuinua kidole, huku akisimulia hadithi. Kuna moja juu ya jua, mwezi na mtu waliokwenda kwa Mungu, kila mmoja akapewa jogoo. Mtu akamla wake usiku, na kwa hiyo anakufa. Hadithi inakwisha pamoja na mstari. Mwenye kusitasita katikati walimcheka.

Gerdes aliuliza swali ambalo hata mtoto anaweza kuuliza: mistari mingapi inahitajiwa ili kuzunguka nukta zote? Usiamini maneno yangu, chukua biki na karatasi. Tia nukta katika safu 2, kila safu nukta 3. Wazia ukuta umezizunguka kwa karibu. Anza ukutani, chini ya nukta ya kwanza, pita kwa mshazari kati ya nukta ya kwanza na ya pili, uende moja kwa moja mpaka ukuta wa juu. Hapo ugeuke kama mpira uliogonga ukuta, uendelee hivyo hivyo. Utarudi ulipoanzia, na kila nukta itakuwa imefungiwa katika chumba chake. Mstari mmoja tu!

Sasa fanya safu 2 za nukta 2. Unarudi ulipoanzia, lakini kazi haijakwisha. Unalazimishwa kuinua biki na kuanza mstari wa pili. Safu 3 za nukta 3, mistari 3. Safu 5 za nukta 6, mmoja. Safu 4 za nukta 6, miwili. Mnaona? Ni ile PGCD ya masomo, ile namba kubwa inayogawanya zote mbili bila kubakiza kitu! Mimi niliiimba miaka mingi kama kasuku, na hakuna aliyeniambia kwamba inaweza kuchorwa kwa kidole.

Hapa tuwe waangalifu, maana vitabu vingine vya kusifu Afrika vinaongeza chumvi. Kanuni ya PGCD aliiandika Gerdes, wazee hawakuiandika. Hata hivyo, mzee anayetia nukta zake mbele ya watu na kumaliza kwa mstari mmoja habahatishi. Alijua idadi gani zinakubali na zipi zinakataa. Ni vilevile na mfupa wa Ishango, ambao Mbelgiji Jean de Heinzelin aliuokota mwaka 1950 kule Semliki inapotoka katika Ziwa Edward. Upande mmoja kuna mikato 11, 13, 17 na 19, jumla 60. Mwingine una 11, 21, 19 na 9, tena 60. Mikato unaweza kuihesabu mwenyewe. Lakini kama ni kalenda ya mwezi au mchezo wa namba, hayo ni mawazo ya watu, na vitabu vinabishana. Kitabu kizuri kinakuonyesha wapi hesabu inakwisha na mawazo yanaanza.

Neno moja linaniuma. Sona zilifundishwa pia katika mukanda, kambi ya kutahiri, na sisi watu wa kanisa tulikataza watoto kwenda kule. Baba yangu alinipiga kwa sababu nilikaa karibu na mzee mmoja aliyekuwa akichora nje ya nyumba yake. Sisemi mambo yote ya mukanda yalikuwa mema. Lakini tulitupa vyote pamoja bila kuchambua. Tena, mmoja wa wale waliozikusanya sona za Angola na kuziandika alikuwa mmishonari, Mmarekani Emil Pearson; kitabu chake kilitoka mwaka 1977. Na Desemba 2023 UNESCO iliandika sona za Angola katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu.

Yule kijana wetu baba yake ni Mutshokwe. Nilimwambia aache kitabu, aende kwa babu yake. Alirudi siku ya Mungu, suruali ina vumbi magotini. Babu alichora moja bila kusimama. Ya pili aliikamilisha kwa shida. Ya tatu ilimpotea katikati, akaifuta kwa kiganja, akakaa kimya.

Kijana akaniomba ile fotokopi. Iko kwake mpaka leo, na mimi nabaki na swali hili kwa ninyi: safu 6 za nukta 9, mistari mingapi? Msinijibu mbele ya kuchora.