Ada Imelipwa, Kodi ya Nyumba Je?

Mwaka 2014 jimbo la Tennessee lilipitisha sheria iliyozungumzwa kote Marekani: kila kijana anayehitimu sekondari angeweza kusoma chuo cha jamii miaka 2 bila kulipa ada, kwa fedha za bahati nasibu ya jimbo. Mpango ulipoanza mwaka 2015, wanafunzi wapya waliongezeka kwa karibu robo. Oregon ikafuata, na baada yake majimbo mengine mengi. Linalobaki kujadiliwa ni kama kufuta ada kunamwezesha mwanafunzi maskini kumaliza masomo, au kunamfikisha mlangoni tu.

Vyuo vya jamii ni vyuo vya umma vinavyotoa wauguzi, mafundi umeme na wahasibu, na wengi huanzia humo kabla ya kuhamia chuo kikuu. Kwa mkazi wa eneo, ada ni wastani wa takriban dola 4,000 kwa mwaka. Ruzuku ya Pell, iliyoanzishwa na serikali ya shirikisho mwaka 1972 na baadaye kupewa jina la seneta Claiborne Pell, ilifikia dola 7,395 katika mwaka wa masomo 2024/25, na hairejeshwi. Maana yake ni kwamba mwanafunzi maskini kabisa, akiijaza ipasavyo FAFSA, fomu ya kuombea msaada huo, na kusoma muda wote, tayari ana fedha za kumaliza ada na chenji ikabaki.

Hapo ndipo kasoro ya Tennessee inapoonekana. Jimbo hulipa kile tu kinachobaki baada ya ruzuku nyingine kuhesabiwa. Mwenye Pell kamili hadaiwi kitu, kwa hiyo hapati kitu. Dola za jimbo humfikia zaidi yule ambaye kipato cha wazazi wake kilimnyima Pell.

Watetezi wa mpango wana hoja nzito: tangazo la “chuo bila ada” linaeleweka na kila mzazi, na limewavuta vijana ambao wasingethubutu hata kuomba nafasi. Ni kweli. Lakini kwa hesabu za taasisi ya College Board, ada ni kama sehemu moja ya tano tu ya gharama za mwaka za mwanafunzi anayepanga nje ya nyumba ya wazazi. Zinazobaki ni kodi ya nyumba, chakula, nauli na vitabu.

Kuziba pengo hilo, kuna ruzuku ya nyongeza ya kati ya dola 100 na 4,000, ila chuo hupewa fungu dogo na likiisha limeisha. Kuna kazi za chuoni zinazolipiwa na serikali, mpango uliozaliwa mwaka 1964. Kuna pia mikopo, hadi dola 5,500 mwaka wa kwanza kwa kijana anayetegemea wazazi. Mikopo ndiyo ya kuogopwa zaidi: watafiti wamebaini kuwa wanaoshindwa kulipa mara nyingi ni wenye madeni madogo, kwa sababu wengi wao waliacha masomo bila cheti.

Suala hili linazigusa familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa za Wakongo waliopitia kambi kama Nyarugusu, Kigoma, kisha wakapokewa Kentucky, Ohio au Texas. Mkimbizi na mwenye ukaazi wa kudumu wanaweza kuomba Pell. Aliyetoka Mombasa kwa viza ya mwanafunzi hawezi. Lakini mzazi anayefanya zamu ya usiku ghalani hawezi kusoma muda wote, na akipunguza masomo, ruzuku nayo hupungua.

Jiji la New York lilijaribu njia nyingine mwaka 2007. Mpango wa ASAP wa CUNY, yaani vyuo vya umma vya jiji hilo, uliongeza kadi ya usafiri, vitabu na mshauri mwenye wanafunzi wachache. Taasisi ya utafiti ya MDRC ilipolinganisha makundi mawili yaliyochaguliwa kwa kura, asilimia 40 ya walio kwenye mpango walihitimu ndani ya miaka 3, dhidi ya 22 ya wenzao. Gharama kwa kila mwanafunzi ilipanda, lakini kwa kila mhitimu ilishuka.

Mwaka 2022 New Mexico nayo iligeuza utaratibu: jimbo hulipa ada kwanza, Pell ikabaki kwa mahitaji mengine, na watu wazima wanaosoma nusu muda wakaingizwa. Majimbo yaliyoiga Tennessee yarekebishe sheria zao kwa mfano huo, kisha yatenge fedha za kuajiri washauri kama wa ASAP. Bila hatua hizo mbili, fedha za umma zitaendelea kumpita mwanafunzi yuleyule ambaye mipango hii ilitangazwa kwa jina lake.