MAKAA YA ENUGU NA DENI LA MSHAHARA

Ndugu wafanyakazi,

Wako wenzetu wasemao kwamba habari za zamani hazijazi sufuria. Husema, tupeni nyongeza ya mshahara, msitupe hadithi. Sikatai kwamba sufuria ni lazima ijae. Lakini mtu asiyejua jinsi wenzake walivyodai haki yao jana, ataidai vibaya leo. Kwa hiyo naomba nafasi katika karatasi yetu nieleze habari za wachimba makaa wa Enugu, Nigeria, kisha nitoe maoni yangu.

Sisi watu wa reli tunahusika na habari hii kuliko wengine. Mnamo 1909 wapimaji wa madini wa serikali ya Kiingereza, wakiongozwa na Albert Kitson, waliona makaa ya mawe katika vilima vya Udi. Uchimbaji ulianza 1915. Reli kutoka bandari ya Port Harcourt ilifika Enugu 1916, na 1917 ukafunguliwa mgodi wa Iva Valley. Reli ililetwa ili ichukue makaa, na makaa yakachimbwa ili reli ipate kwenda. Injini ya moshi ilivuta mabehewa ya makaa huku yenyewe ikila makaa yale yale. Mji mzima ulikua juu ya kazi hiyo.

Sasa angalieni jambo hili. Mgodi ule haukuwa wa kampuni ya tajiri fulani. Ulikuwa wa serikali. Basi aliyekuandika kazi ndiye aliyekufukuza, ndiye aliyeandika sheria, na ndiye aliyekuwa na polisi. Mfanyakazi akigombana na tajiri wa kawaida, aweza kwenda kushtaki serikalini. Mchimbaji wa Enugu angeshtaki kwa nani?

Miaka ya kwanza wengi hawakwenda mgodini kwa hiari. Machifu waliowekwa na serikali walitakiwa kutoa watu, nao wakatoa. Kazi yenyewe ilikuwa katika mashimo yaliyotobolewa ubavuni mwa kilima. Mmoja alikata makaa kwa sururu, mwingine alisukuma kigari, mwingine aliweka magogo ya kuzuia mwamba usianguke. Palikuwa na vumbi, maji na giza. Mwenye sururu hakufika popote bila msukuma kigari, wala msukuma kigari bila mweka magogo. Watu waliofundishwa umoja na kazi yenyewe hawakuhitaji kuhubiriwa sana walipoletewa habari za chama.

Wafanyakazi wa reli wa Nigeria nao hawakulala. Kiongozi wao Michael Imoudu alifungiwa mbali na wenzake tangu 1943, akaachiliwa 1945. Mwaka huo huo wafanyakazi wa reli na wa idara nyingine za serikali waligoma zaidi ya mwezi mzima, wakidai posho kwa sababu maisha yamepanda. Maneno hayo, maisha yamepanda, nadhani hakuna msomaji wa karatasi hii anayehitaji kufasiriwa.

Tufike 1949. Chama cha wachimbaji wa Enugu kilikuwa na katibu aitwaye Okwudili Ojiyi. Ugomvi ulihusu malipo. Hapo nyuma palikuwa na utaratibu wa kuwapangia watu zamu, hata mtu hakuwa na hakika ya kupata kazi kila siku. Wachimbaji waliamini kwamba kwa ajili ya mpango ule wanadai mshahara wa nyuma. Wasimamizi walikataa. Mwezi wa Novemba wakata makaa wakaanza kufanya kazi polepole. Hawakuvunja kitu wala kumpiga mtu, walipunguza mwendo tu. Wasimamizi wakafukuza makumi ya watu. Wachimbaji wakaona kwamba wakitoka nje watafungiwa mlango, basi wakakaa ndani ya mgodi.

Hapo serikali ikaingiwa na hofu. Iliogopa kwamba baruti ya kupasulia miamba itaangukia mikononi mwa wanasiasa waliodai uhuru. Ikaamua kuihamisha. Wachimbaji nao waliogopa kwamba baruti ikiondoka, mgodi utafungwa na kazi itakwisha. Kila upande ulikuwa na hofu yake, lakini upande mmoja ulikuwa na bunduki.

Tarehe 18 Novemba 1949 polisi walifika Iva Valley chini ya ofisa aitwaye Philip. Wachimbaji walikusanyika katika nguo zao za kazi, wengine wamejifunga vitambaa vyekundu. Ofisa akaamuru risasi zipigwe. Watu 21 walikufa, na 51 wakajeruhiwa. Hawakuwa na bunduki.

Baadaye ghasia zikatokea katika miji ya Aba, Port Harcourt na Onitsha. Tume ya Fitzgerald ikaletwa kuchunguza, ikatoa taarifa 1950. Ilisema kwamba ofisa yule alikosea katika uamuzi wake. Tena ilisema neno ambalo naomba mliweke moyoni: wakubwa walikuwa wamechukua ugomvi wa kazi wakaufanya ugomvi wa siasa.

Ndugu zangu, msidhani mambo hayo yalikuwa ya Nigeria tu. Januari 1947 watu kiasi cha 15,000 waligoma Mombasa, wa bandarini na wa reli pamoja. Septemba ya mwaka huo huo, hapa Kenya, polisi walipiga risasi wafanyakazi waliogoma katika kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Uplands, na watu watatu wakafa. Wakoloni wamekwenda, lakini tajiri anayedaiwa akikosa jibu bado hutafuta jina la kumpa anayemdai. Utasikia mchochezi. Utasikia huyo ametumwa. Hesabu yenyewe haifunguliwi.

Sasa maoni yangu. Kwanza, deni la mshahara ni hesabu. Silaha ya kwanza ya mfanyakazi ni kalamu. Wachimbaji wa Enugu waliamini wanadai, wasimamizi wakasema hawadai, na katikati hapakuwa na daftari ambalo pande zote mbili zinaliamini. Ningependa kila tawi letu liwe na daftari la siku za kazi, saa za ziada na malipo, likiandikwa kila wiki na kutiwa sahihi. Anayesema wewe ni mchochezi, mwonyeshe ukurasa.

Pili, tuwatazame vibarua. Hata leo wapo wenzetu wanaoitwa kazini siku mbili na kuachwa siku nne, na kila alfajiri wanasimama langoni wakingoja kutajwa. Chama kisichowapigania hao kinajichimbia shimo chenyewe, maana tajiri akikutaka utoke, ni hao hao atakaowaingiza. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Tatu, tuikumbuke siku yao. Migodi ya Enugu ilisimama wakati wa vita vya 1967 hadi 1970. Kisha mafuta yakachukua nafasi ya makaa, na injini za moshi zikaachwa. Makaa yaliyokatwa siku ile yaliungua zamani sana. Kilichobaki ni majina ya watu 21, na majina hayatunzwi na mgodi wala na reli. Hutunzwa na wafanyakazi. Naleta shauri kwamba mkutano wetu wa Novemba kila mwaka usimame kimya kwa dakika moja kwa ajili ya watu wa Iva Valley na wale watatu wa Uplands, kisha tukae na kulisoma daftari la tawi mbele ya wote, ukurasa kwa ukurasa.

Wasiokubali nami na waandike katika toleo lijalo. Karatasi hii ni yetu sote.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi, mwanachama wa reli