Kupandikiza nywele ukubwani bila dawa ya kila siku: tufikiri kabla ya kutoa pesa



Mwenzetu mmoja, mama wa miaka 47, anamuoza binti yake mwakani. Siku ya hina wanawake watakuwa peke yao, mitandio itavuliwa, naye wake hataki kuuvua. Nywele za mbele na za juu ya masikio zimekwisha kwa miaka mingi ya misuko ya kubana na rasta nzito. Amesikia kwamba Uturuki wanapandikiza, na pesa anazo: ndizo alizokuwa akizidunduliza kwa ajili ya Umra. Sharti lake ni moja. "Nifanye mara moja yaishe. Dawa ya kila siku mpaka nife, sitaki." Ametuuliza tunaonaje.

Tuanze na dini, maana wengi wetu hapo ndipo tunapoogopa. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mama mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) kuhusu binti yake, bibi harusi aliyenyonyokwa nywele kwa maradhi. Aliomba ruhusa ya kumuunganishia nywele nyingine, akakatazwa kwa ukali. Wigi na nywele za kuunga zinaingia hapo. Kupandikiza ni jambo jingine: mizizi ya nywele zako mwenyewe inatolewa kisogoni na kupandwa palipo wazi, kisha inaota. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 huko Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilitaja kupandikiza nywele zilizoanguka, hasa kwa mwanamke, miongoni mwa matibabu ya kasoro yanayoruhusiwa. Kwa hiyo mwenye kutibu kasoro asijione mkosa. Atafute kwanza daktari mwanamke, na amuulize mwanachuoni wake namna ya kutia udhu na kuoga janaba kidonda kikiwa kibichi.

Sasa tuje kwenye dawa. Kupandikiza hakuongezi nywele, kunazihamisha tu. Tena hakuzuii zile zilizobaki kuendelea kuanguka. Ndiyo maana madaktari wengi huambatanisha na minoksidili, ambayo ukiiacha, faida yake hupotea baada ya miezi michache. Finasteridi nayo haifai kabisa kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, kwani inaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni.

Je, inawezekana kupandikiza bila dawa hizo? Jibu linategemea nywele zilikwenda kwa sababu gani.

Kama ni kuvutwa na misuko, na kuvuta kumeshakoma, na daktari wa ngozi amethibitisha kwamba hakuna maradhi yanayoendelea kuunguza mizizi, basi inawezekana. Kilichoharibu kimeondoka, hakuna kinachohitaji kuzuiwa kila siku. Umri nao unasaidia: ukifika miaka 45 au 50, mara nyingi imeshaonekana nywele zako zimekwenda wapi na kwa kasi gani. Lakini ukirudi kwa msusi wa kukaza, umetupa pesa.

Kama nywele zinapungua utosini na njia ya katikati inazidi kupanuka, hapo maoni yetu ni tofauti. Zilizopandwa zitabaki, za jirani zitaendelea kwenda, na kichwa kitakuwa na visiwa visiwa. Wanawake wengi wa namna hii hata kisogo chao kimepungua, kwa hiyo mbegu yenyewe ni haba. Asiyetaka dawa, tunamshauri asipandikize. Kukubali nywele chache si aibu.

Na wengine hawahitaji lolote kati ya hayo. Upungufu wa damu, maradhi ya tezi ya shingo na miezi ya baada ya kujifungua, vyote huangusha nywele. Pima damu kwanza hapa hapa nyumbani, kabla ya kukata tiketi.

Tunawakumbusha pia kwamba nywele zetu za kipilipili zina mizizi iliyojipinda chini ya ngozi, na kuing'oa bila kuikata kunataka fundi aliyezizoea. Anayeota makovu manene amwambie daktari mapema.

Kwa mwenzetu, basi, tunasema hivi. Yeye huenda ni katika wale wanaoweza kufanya bila dawa. Lakini nywele zilizopandwa huanguka kwanza katika wiki za mwanzo, huanza kuota baada ya miezi mitatu au minne, na matokeo kamili huchukua kama mwaka. Kwa siku ya hina huenda zisiwahi. Aende Umra yake, amuone daktari, aamue akirudi bila presha ya harusi. Siku ya hina afunge kilemba kizuri, akae karibu na mwanawe. Binti hatakumbuka paji la uso la mama yake, atakumbuka kwamba alikuwepo.

Nanyi mabibi harusi, msusi akikaza hadi usingizi unakosekana, mwambieni afumue. Kichwa hicho mtakihitaji miaka 30 ijayo, inshaallah.

Wallahu a'lam. Allah atupambe kwa imani kabla ya nywele. Amin.