BEJI ISIYO NA DAFTARI



Mara nyingi katika kurasa hizi twazungumza habari za mishahara, likizo na uhamisho. Leo twaomba ruhusa yenu tutaje kitu kidogo, kisichozidi ukubwa wa kiberiti, nacho ni beji ya kupimia mionzi wanayovaa kifuani wenzetu wa vyumba vya eksirei. Makarani wengi huiona kila siku wala hawajui kwamba nusu ya kazi yake imo mikononi mwao.

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen katika Ujerumani mwaka 1895. Haionekani, haina harufu, wala haiumi inapopenya mwilini. Ndiyo sababu watu wa kwanza hawakuiogopa. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, alizoea kuijaribu mashine kwa mikono yake mwenyewe. Mikono ikaungua, ikakatwa, na mwaka 1904 akafa kwa saratani. Mwaka 1936 ukasimamishwa mnara mjini Hamburg kuwakumbuka madaktari, mafundi na wauguzi waliokufa kwa mionzi hii na ya radiamu. Watu hao walikuwa na elimu na bidii, ila hawakuwa na kipimo.

Sisi wa leo kipimo tunacho. Zamani ndani ya beji kilitiwa kipande cha filamu. Siku hizi hutumiwa sana fuwele ndogo, kama zile za lithiamu floridi, ambazo hushika nguvu ya mionzi na kuitoa kama nuru zikitiwa moto katika chombo cha kusomea. Beji hukaa kwa mvaaji mwezi mmoja hata mitatu, kisha hupelekwa kusomwa. Katika Tanzania msimamizi wa mambo haya ni Tume ya Nguvu za Atomiki. Kiasi kilichokubaliwa na mataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka katika miaka 5, wala mwaka mmoja usipite 50. Mwanamke akiisha kutoa habari kwamba ana mimba, mtoto aliye tumboni asipate zaidi ya 1 kwa muda uliobaki.

Lakini yafaa ifahamike kwamba beji si hirizi. Haizuii mionzi hata kidogo. Kinachomlinda mtu ni kukaa muda mfupi, kusimama mbali, na kuvaa aproni ya risasi. Maana ukiuzidisha umbali mara mbili, mionzi hupungua hata robo. Beji ni shahidi tu, na shahidi asipoulizwa, au maneno yake yasipoandikwa, hana faida.

Hapa ndipo neno linapotufikia sisi makarani. Mwandishi wa maneno haya alipata kushika majalada ya hospitali moja ambayo hapana haja ya kuitaja. Kila bahasha ya majibu ilipofika aliipiga muhuri, akaitia jaladani, akaona kazi imekwisha. Siku moja mpiga picha mmoja, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, akaja dirishani akauliza kwa upole, “Bwana karani, beji hii nimeivaa miaka mingi. Hesabu yangu imefika wapi?” Jalada likafunguliwa, na majibu ya miezi tisa hayakuwamo. Beji za miezi ile zilionekana katika mtoto wa meza, zimefungwa uzi, hazikupelekwa kamwe. Mzee yule hakugomba. Alisema tu, “Kumbe miezi ile tisa mimi sikuwako kazini.” Neno lile halijamtoka mwandishi moyoni hata leo.

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki zataka kumbukumbu hizi zitunzwe hata mfanyakazi atimize, au angalitimiza, umri wa miaka 75, wala zisipungue miaka 30 tangu aache kazi ile. Maana ugonjwa wa mionzi waweza kukawia miaka mingi kabla ya kutokea, na siku hiyo mgonjwa, au mjane wake, hatakuwa na shahidi mwingine ila karatasi zetu.

Basi twawasihi wenzetu wa vyumba vya eksirei: vaeni beji kifuani, chini ya aproni, kila siku ya kazi. Msiiache ikalala chumbani penye mashine, ikahesabu mionzi ambayo hakuna aliyeipata. Wala msiifiche kwa kuogopa kuondolewa kazini, maana aidanganyaye beji hujidanganya mwenyewe.

Na ninyi makarani, pelekeni beji kwa tarehe yake, pamoja na ile ya kulinganisha isiyovaliwa na mtu. Majibu yakirudi, kila mtu aonyeshwe yake. Ni haki yake, si hisani. Anayehamishwa apewe nakala ya hesabu yake, ili kituo kipya kisianze tena kwa sifuri kana kwamba mwili wake nao ni mpya. Na ikitokea hesabu kupanda ghafula, msingoje kuulizwa: mpelekeeni mkubwa wa hospitali siku ile ile, atafute sababu.

Wakubwa nao twawaomba kwa heshima wasihesabu gharama ya beji miongoni mwa zile zinazoweza kungoja mwaka ujao. Mionzi haingoji.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali yastahili daftari, je, uhai wa mwenzako si zaidi? Kesho asubuhi, kabla ya kufungua barua, fungueni kwanza mtoto wa meza mkatazame kilichomo.