Kikomo Kilichofichwa

Neno kikomo limezaliwa na kitenzi koma, nasi watu wa Pangani twalijua kwa macho: mto wetu hukomea hapa, baharini. Basi mtu auziwapo intaneti ya nyumbani "bila kikomo", huelewa kwamba mkondo hautakoma. Lakini chini ya tangazo, kwa herufi za sisimizi, huandikwa: "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Humo ndimo kilimofichwa kiasi. Mteja akikipita, kasi hupunguzwa hadi picha zisifunguke, na sauti ya mghani hukatika katikati ya ubeti.

Muuzaji hujitetea kuwa hajakata, amepunguza tu. Hiyo ni hila ya lugha. Wazee wetu walihesabu vibaba vinne kuwa pishi moja. Aliyetoa vitatu kwa bei ya pishi alikuwa mpunjaji.

Kupima si dhambi, maana mkondo hunywewa na wengi. Dhambi ni kuficha kipimo. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iwabane wauzaji waandike kiasi hicho kwa tarakimu, kwa Kiswahili wazi, kando ya bei. Nasi tunaohesabu mizani 16 katika kila mshororo, tusikubali neno lipunjwe.